Sarafu ya Mikono Miwili

Mtu mmoja alikuwa na ndugu, na ndugu yake huyo alikuwa na kidole gumba kilichopinda. Habari yote ninayotaka kuwaambia imo ndani ya kidole hicho, kwa hiyo msikisahau nitakapoanza kusema mambo ya fedha na ya wafalme.

Mtu huyo aliitwa Prisko, na mdogo wake Fausto. Waliishi zamani, katika mji mmoja wa milki ya Rumi, mahali palipotengenezwa dinari, zile sarafu za fedha ambazo askari walilipwa na matajiri walizifukia chini ya sakafu. Upande mmoja wa dinari ulikuwa na uso wa Kaisari, ametazama pembeni, na shada la majani kichwani. Upande wa pili ulikuwa na jambo lolote ambalo Kaisari alitaka watu waliamini mwaka huo. Ikiwa mvua ilikataa na watu wanalala njaa, palichongwa mwanamke amebeba masuke ya ngano. Ikiwa majeshi yalikuwa yameanza kuuana yenyewe kwa yenyewe, palichongwa askari wawili wamesimama pamoja chini ya bendera moja. Watu waliotoka katika njaa hiyo na vita hivyo walizishika sarafu, wakazitazama, wakanunulia mkate. Sijui kama walicheka. Mimi ningecheka, kisha ningenunua mkate.

Prisko alikuwa mchonga mihuri. Kazi yake ilikuwa kukata sura ndani ya kipande cha chuma kwa patasi ndogo, na kila kitu alikikata kinyume. Mkono wa kuume aliuweka kushoto, maandishi aliyaanzia mwisho, na palipotakiwa kuinuka pua ya Kaisari, yeye alichimba shimo. Fausto ndiye aliyepiga nyundo. Kipande cha fedha kiliwekwa juu ya muhuri wa chini, wenye uso wa Kaisari. Muhuri wa pili ulishikwa juu yake, nyundo ikashuka, na kile kilichokuwa shimo mbele ya Prisko kikatoka kimeinuka katika fedha. Ndugu hawa walihitajiana hivyo kila siku, na kwa miaka mingi hawakuona ajabu yoyote katika jambo hilo.

Kidole cha Fausto kilipinda walipokuwa vijana, wakijifunza kazi kwa baba yao. Siku hiyo Prisko ndiye aliyeshika nyundo, na Fausto ameushika muhuri. Msichana mmoja alipita mlangoni na mtungi kichwani. Prisko akageuza shingo kumtazama, nyundo ikashuka mahali palipokuwa na kidole gumba cha mdogo wake. Baba yao alikuja mbio na kuuliza kumetokea nini. Fausto, machozi yakimtiririka, alisema kwamba chuma kilimponyoka mwenyewe. Baba yao alikuwa mwepesi wa fimbo, na Prisko alijua kabisa ni nani aliyemwokoa. Kidole kilipona kimepinda, kimetazama nje, na ndugu hao hawakulitaja tena jambo hilo. Msichana wa mtungi baadaye alikuja kuwa mke wa Prisko. Jina lake Helvia, na kisa cha kidole alikijua kuliko baba mkwe wake.

Basi ikakaribia sikukuu ya Kaisari, na msimamizi wa kiwanda akataka sarafu mpya zigawiwe askari siku hiyo. Prisko alifanya haraka. Aliuchoma muhuri motoni, akauzamisha majini ili chuma kikaze, na chuma kikatoa mlio asioupenda. Alipoufuta aliona mstari mwembamba kama unywele, unapita katikati ya shingo ya Kaisari. Alijua maana yake. Muhuri wenye ufa haupelekwi kazini. Hutupwa, na kazi huanza upya. Lakini kuanza upya kungemchelewesha, na sifa ya sikukuu ingekwenda kwa mchongaji mwingine. Akaupaka mafuta mpaka mstari ukapotea machoni, akaupeleka kwa mdogo wake.

Ufa hauondoki kwa mafuta. Nyundo ilivyozidi kushuka ndivyo ulivyopanuka, na sarafu zikaanza kutoka na mstari ulioinuka shingoni mwa Kaisari, kama mtu aliyechinjwa. Askari mmoja aliuona, akamwonyesha mwenzake, wakanong'onezana. Siku hizo mnong'ono wa namna hiyo ulitosha kumfikisha mtu kaburini. Msimamizi alikuja karakanani amekunja uso. Akawasimamisha ndugu hao wawili mbele ya wenzao, akauliza kosa ni la muhuri au ni la nyundo.

Fausto alimgeukia kaka yake akangoja, ametulia kabisa, kwa kuwa jibu lilikuwa kwa mtu wa nyumbani kwao. Prisko alikohoa. Kisha akasema, "Nyundo ya ndugu yangu huwa nzito, bwana."

Na tazameni, hakusema uongo. Nyundo ya Fausto ilikuwa nzito kweli, na kila mtu pale karakanani aliijua. Ndivyo tulivyo sisi. Tukitaka kumwangusha mtu wala hatuhangaiki kutunga uongo. Tunachagua ukweli mmoja mdogo tukausema, na ule mkubwa tukaumeza. Fausto alichapwa viboko, akahukumiwa kwenda machimbo ya mawe huko milimani, akavunje miamba kwa nyundo iliyosemwa kuwa nzito. Alipokuwa akitolewa nje alimtazama Prisko mara moja tu, akauingiza mkono wake wa kuume ndani ya vazi, ule wenye kidole kilichopinda, wakamwondoa.

Miaka ikapita. Prisko alifanya kazi vizuri, akapata nyumba yenye ua, na jina la mdogo wake halikutajwa mezani. Halafu Kaisari akagombana na majemadari wake na damu nyingi ikamwagika. Kwa desturi ile niliyowaambia, ikaja amri kwamba upande wa pili wa dinari pachongwe mikono miwili iliyoshikana, mkono wa kuume kwa mkono wa kuume, na kando yake neno moja: Upatano. Kazi ikaletwa kwa Prisko, kwa kuwa hapakuwa na mchongaji wa kumshinda.

Ikamshinda yeye. Aliwaita vibarua wawili washikane mikono mbele yake, akawachonga, na mikono ikatoka kama samaki wawili juu ya meza ya sokoni. Aliwaita wengine, akachonga tena, samaki wakawa wanne. Msimamizi alianza kupita karakanani mara kwa mara bila sababu. Siku moja Prisko amekaa na chuma mbele yake, mawazo yako mbali, patasi ikateleza kidogo, na kidole gumba cha ule mkono mmoja kikaelekea nje. Alitaka kukasirika. Alipotazama vizuri, mkono ule ulikuwa hai. Ulikuwa na damu ndani yake, na alijua ni damu ya nani.

Basi akauacha kidole kilivyo. Mkono wa pili akauchonga kwa kuutazama wa kwake mwenyewe, na vidole vyake akavifunga juu ya kile kidole kilichopinda, kwa upole, kama mtu anayefunga kidonda. Alilia alipokuwa akichonga. Nawaambia hili ili msidhani mtu huyu hakuwa na moyo. Alikuwa nao, na siku ile aliuweka wote ndani ya chuma.

Watu waliipenda sarafu hiyo kupita zote. Msimamizi alidhani kile kidole ni ufundi tu, akamsifu mbele ya wageni. Wake kwa waume waliokuwa wamegombana walipelekeana dinari hiyo, na majirani waliopatana baada ya ugomvi wa mipaka waliitumia kama ushahidi. Prisko alileta moja nyumbani akaiweka mezani. Helvia aliichukua, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaigeuza.

"Huyu ni Fausto," alisema.

"Ndiye."

"Basi nenda ukamwambie."

"Ataiona," Prisko akasema. "Dinari zinafika mpaka machimboni."

"Sarafu ataiona," Helvia akasema. "Wewe atakuona lini?"

Prisko alisema atakwenda mvua zikipungua. Zikapungua, ikaja amri ya sarafu nyingine. Alisema atakwenda baada ya mavuno, barabara zikiwa kavu. Mavuno yakaisha, akaugua mgongo, na mgongo haupandi milima. Machimbo yalikuwa mwendo wa siku chache tu kwa punda. Watu walikuwa wakienda huko kununua mawe ya kujengea mabanda ya nguruwe.

Alikuwapo mwendesha nyumbu mmoja, jina lake Nereo, aliyekuwa akishusha mawe kutoka huko milimani. Siku moja Nereo alikuja karakanani akamwambia Prisko, kwa kicheko, kwamba huko machimboni kuna mvunja mawe mmoja ambaye amepata dinari ya mikono miwili na hataki kuitumia. Mchana akipumzika huitoa na kuwaonyesha wenzake, akisema, huu ni mkono wangu, na huu ni wa kaka yangu. Wenzake humcheka. Yeye huwanyooshea kidole gumba chake, wakinyamaza hukirudisha.

Prisko alifurahi furaha ambayo hakuwa ameijua tangu ujana. Alinunua divai, akaja nyumbani akiimba, akamshika mkewe mabegani.

"Amenisamehe," alisema.

"Anakungoja," Helvia akasema.

Prisko alimkasirikia, kama tunavyomkasirikia mtu anayetuambia kweli tukiwa tumeshika kikombe. Alimweleza kwamba mambo yamekwisha, kwamba ndugu yake ameelewa, kwamba baina ya wanaume maneno mengi hayahitajiki. Helvia aliiondoa divai mezani, akaleta chakula.

Lakini maneno yake yalimkaa Prisko rohoni, na ili ayatoe alinunua joho zito la sufu, akampa Nereo ampelekee Fausto. Nereo aliporudi alisema, "Joho amelipokea, na anakushukuru. Ameuliza unakuja lini." Prisko akasema, "Mwambie nitakuja." Akasema hivyo kwa moyo wake wote. Mwaka uliofuata alituma viatu, jibu likarudi lile lile na swali lile lile, naye akasema tena, "Mwambie nitakuja." Kwa muda mrefu mambo yalikwenda hivyo. Nereo alizeeka akiyabeba maneno hayo kuyapandisha milimani, na Prisko alimlipa vizuri, kwa hiyo kila mtu aliridhika isipokuwa yule aliyekuwa akingoja.

Mwishowe Kaisari akafa kama wanavyokufa wengine, na Kaisari mpya hakutaka kitu chochote cha yule wa kwanza kibaki. Ikaja amri kwamba mihuri yote ya zamani iharibiwe, na kila mchongaji aharibu ya kwake kwa mkono wake, mbele ya msimamizi. Prisko akaiharibu mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na uchungu nayo. Nyuso za wafalme alikuwa amezikata nyingi, naye alijua jinsi zilivyo rahisi kufutwa. Kisha ukaletwa muhuri wa mikono miwili. Akaweka patasi juu yake, na ncha ikakaa yenyewe ndani ya kile kidole gumba kilichopinda. Akainua nyundo.

Hapo ndipo alipokumbuka uzito wa nyundo, na msichana wa mtungi, na mdogo wake aliyekuwa akilia huku akisema chuma kilimponyoka mwenyewe. Mkono wake ukabaki juu. Msimamizi akamwambia apige. Prisko aliiweka nyundo chini, akavua vazi la kazi, akatoka nje mchana ule ule, na mchongaji mwingine ndiye aliyelimaliza jambo lile. Helvia alikwisha kumfungia chakula cha njiani alipoona tu anakuja na vazi la kazi mkononi.

Mvua ilikuwa ikinyesha siku hiyo, na mgongo ulikuwa ukimuuma, na barabara ilikuwa tope tupu. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichomzuia. Njiani alilitafakari hilo, na lilimchoma kuliko mgongo.

Alipofika machimboni aliuliza habari za Fausto, mvunja mawe mwenye kidole kilichopinda. Wakamwelekeza kwenye kibanda cha mawe kilichoezekwa nyasi, nyumba ya mwanamke aitwaye Marsela, aliyewapikia wachimbaji na aliyekuwa ameishi na Fausto kama mke wake. Marsela alikuwa akikwangua sufuria mlangoni. Alimtazama mgeni, akatazama mikono yake, akaacha kukwangua.

"Wewe ni shemeji," alisema. "Karibu ukae. Fausto tumemzika."

Alikuwa amezikwa tangu majira ya baridi. Vumbi la mawe lilimjaa kifuani, akakohoa mwaka mzima, akafa ameketi, ameegemea ukuta, amejifunika joho la sufu. Marsela alieleza hayo kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa machozi yake alikwisha kuyatoa. Kisha akasema jambo ambalo Prisko hakuwa akilijua. Kifungo cha Fausto kilikuwa kimekwisha zamani. Walikuwa wamemwachia huru ashuke bondeni aende atakako, na daktari wa wachimbaji alimwambia waziwazi kwamba akibaki katika vumbi lile litamuua. Marsela mwenyewe alimsihi mara nyingi. Hakukubali.

"Kwa nini?" Prisko akauliza, ingawa alikuwa amekwisha kujua.

"Ulisema utakuja," Marsela akajibu. "Aliogopa ukija usimkute."

Prisko aliketi chini juu ya jiwe. Marsela aliingia ndani akatoka na kitambaa, akakifungua, akampa ile dinari. Prisko aliipokea kwa mikono yote miwili. Uso wa Kaisari ulikuwa bado unaonekana vizuri, pua imesimama, shada la majani limekaa jani kwa jani, uso wa mtu aliyekwisha kufa na kufutwa kila mahali. Akaigeuza. Upande wa pili haukuwa na kitu. Mikono haikuwapo, wala kidole, wala neno Upatano. Fedha ilikuwa laini na tupu.

"Alikuwa akiisugua," Marsela akasema. "Kila jioni akiketi hapo, anaisugua kwa kidole gumba. Nilimwambia, utaimaliza. Akaniambia, aliyeukumbuka mkono wangu hivi hawezi kukosa kuja kuushika. Ndivyo alivyosema, shemeji, mpaka mwisho."

Prisko aliweka kidole gumba chake juu ya fedha ile, mahali palipokuwa na mikono. Palikuwa na bonde dogo, lililochimbwa kwa ngozi ya mtu kwa miaka mingi, na lilikuwa limelala upande, limeelekea nje. Alijaribu kukikalisha kidole chake ndani yake. Kidole chake kilikuwa kimenyooka, hakikukaa. Alijaribu tena, akakipinda, akajaribu kwa mkono wa kushoto, huku Marsela akimtazama. Maisha yake yote alikuwa amechonga mashimo ili watu wengine waone kitu kizuri kimeinuka, na hili moja alichongewa yeye, likamwonyesha alivyo. Alilia hapo kibandani mpaka Marsela akamletea maji, na baada ya hapo akaonyeshwa kaburi, akalishika jiwe lake, nalo lilikuwa baridi.

Ninyi mlioketi hapa, najua mnaye ndugu, na najua mnamkumbuka. Mnamtaja katika sala, mnamsifu mbele ya wageni, mnamtumia salamu na kitenge na sukari kwa kila anayepita njia ya kwao, na machozi yanawalengalenga mkisimulia ulivyokuwa utoto wenu. Basi niambieni jambo moja tu: yeye, huko aliko, jioni hii, anasugua nini huku akikungoja?